Ubunifu gani unaongeza faida ya biashara ndogo? Tafiti zina majibu

Semina ya ujasiriamali siku hizi haiishi bila neno "ubunifu" kutajwa. Mama lishe anaambiwa awe mbunifu, fundi cherehani awe mbunifu, kijana anayeuza kava za simu naye hivyo hivyo. Wakirudi kwenye kazi zao swali linabaki palepale: abadilishe nini hasa, na akibadilisha, faida itaongezeka kweli?

Swali hilo si la mchezo. Mwenye genge akichukua mkopo ili ajaribu kitu kipya kisha kisitoke, marejesho hayamsubiri. Serikali na mashirika nayo yanatumia fedha nyingi kwenye mafunzo ya biashara, na kama mafunzo hayo hayaongezi kipato, fedha hizo zingeweza kwenda kwingine.

Wachumi wamelifuatilia jambo hili kwenye biashara zenyewe, kuanzia Lomé nchini Togo hadi Dandora jijini Nairobi, na kutoka viwanda vya India hadi Dar es Salaam. Kwa ufupi, walikuta kwamba ubunifu unaolipa mara nyingi ni mdogo na hauna mbwembwe. Unagusa sehemu moja ya biashara ambako pesa inaingia au inavuja. Kuujua darasani peke yake hakutoshi.

Ubunifu una sura tano

Watu wengi wakisikia ubunifu wanawaza programu ya simu au mashine mpya. Mchumi Joseph Schumpeter, aliyezaliwa mwaka 1883 katika himaya ya Austria-Hungary, alilitazama jambo hili kwa upana zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika kwamba mfanyabiashara anaweza kuleta kitu kipya kwa njia tano: bidhaa mpya, namna mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mzigo, na mpangilio mpya wa biashara.

Kwa orodha hiyo, muuza nyanya aliyegundua mkulima anayemuuzia kwa bei ya chini kuliko dalali naye ni mbunifu. Fundi seremala aliyeanza kupeleka vitanda hotelini badala ya kungoja wapita njia ni mbunifu pia. Hakuna mashine hapo, ila pesa inabadilika.

Kwa nini watafiti wanapiga kura

Kupima faida ya ubunifu kuna mtego. Ukilinganisha tu wafanyabiashara wabunifu na wasio wabunifu, utakuta wabunifu wana pesa zaidi. Lakini huenda walikuwa nazo tangu mwanzo, na ndiyo maana waliweza kujaribu mambo mapya.

Ili kuukwepa mtego huo, watafiti huchukua wafanyabiashara wanaofanana, kisha wanapiga kura. Waliopata kura wanapewa mafunzo au msaada, na waliokosa wanaendelea kama kawaida. Baada ya miezi au miaka, faida za makundi hayo zinalinganishwa. Kwa sababu kura haikuchagua mwenye bidii wala mwenye mtaji, tofauti kubwa inayoonekana baadaye inaweza kuhusishwa na mafunzo yenyewe.

Lomé: darasa la hesabu na darasa la kujituma

Moja ya tafiti zinazotajwa sana ilifanyika Lomé, mji mkuu wa Togo, na ikachapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Ilihusisha biashara ndogo 1,500, zikagawanywa kwa kura katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilipata mafunzo ya kawaida: kuweka hesabu, kusimamia fedha, masoko. Kundi la pili lilipata mafunzo yaliyotokana na saikolojia, yanayomjenga mtu ajitume mwenyewe, aone fursa kabla wengine hawajaiona, atofautishe biashara yake na za jirani, na asikate tamaa akikwama. Kundi la tatu halikupata mafunzo yoyote.

Watafiti walifuatilia biashara hizo kwa zaidi ya miaka miwili. Waliofundishwa kujituma walikuwa na faida kubwa kwa asilimia 30 kuliko kundi lisilofundishwa. Waliofundishwa kwa njia ya kawaida walikuwa juu kwa asilimia 11, lakini tofauti hiyo haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha kwamba haikutokea kwa bahati tu. Kwa wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi: waliofundishwa kujituma walipandisha faida kwa asilimia 40, huku mafunzo ya kawaida yakiwaongezea asilimia 5 tu. Gharama ya mafunzo ya kujituma ilirudi ndani ya mwaka mmoja.

Siri yake ilikuwa nini? Waliopata mafunzo hayo walileta bidhaa mpya zaidi. Badala ya kumtazama jirani anauza nini nao wauze hicho hicho, walianza kujiuliza mteja wao anakosa nini.

Wafanyabiashara wa mitaani wanaujua ugonjwa huu. Mmoja akifungua banda la chipsi na likachangamka, kabla mwezi haujaisha mabanda matano yamepangana. Wote wanauza chipsi zile zile kwa bei ile ile, na kinachobaki ni kugombania wateja. Mafunzo ya Lomé yaliupiga vita ugonjwa huo moja kwa moja.

Dandora: kumjua mtu sahihi

Jijini Nairobi, watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya jaribio na wanawake wenye biashara changa katika mtaa wa Dandora. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2018.

Baadhi ya wanawake hao walipelekwa kwenye madarasa ya biashara. Wengine waliunganishwa na mwanamke mwenye biashara iliyofanikiwa hapo hapo mtaani, akawa mlezi wao, wakikutana na kuzungumza kazi. Kundi lingine halikupewa chochote.

Madarasa yalibadilisha namna wanawake walivyoendesha biashara, kwa mfano katika kuweka kumbukumbu, ila faida haikupanda. Waliopata mlezi walipandisha faida kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa ilikuwa rahisi kabisa: walielekezwa kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Mwalimu wa darasani hawezi kujua ni duka gani la jumla linalopunguza bei ukienda asubuhi na mapema. Mama aliyefanya biashara hapo kwa miaka anajua.

Hicho ndicho Schumpeter alichokiita chanzo kipya cha mzigo, na hesabu yake inashangaza. Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za shilingi 100,000 kwa siku. Mzigo huo umenunuliwa kwa shilingi 85,000, kwa hiyo faida kabla ya gharama nyingine ni 15,000. Mwenye duka akipata muuzaji wa jumla aliye nafuu kwa asilimia 3 tu, anaokoa shilingi 2,550 kila siku. Faida inapanda hadi 17,550, yaani nyongeza ya asilimia 17. Ili apate nyongeza hiyo kwa bei za zamani, angelazimika kuuza mzigo wa 117,000 kwa siku. Kuongeza wateja kiasi hicho ni kazi nzito kuliko kubadili mahali pa kununua.

Lakini faida ya Dandora haikudumu. Mlezi na mlelewa walipoacha kukutana, nyongeza ilififia. Bei hubadilika na wauzaji nao huhama, hivyo taarifa ya mwaka jana inachacha.

Chenji: uvujaji usioonekana

Utafiti mwingine wa Kenya, wa Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, uliochapishwa mwaka 2014, ulianzia kwenye jambo ambalo kila muuza duka analijua: kukosa chenji.

Mteja anakuja na noti kubwa kununua kitu cha bei ndogo. Mwenye duka hana chenji. Ama anaacha duka akazunguke kwa majirani kuomba noti ivunjwe, ama mteja anaondoka. Inaonekana ni kero ndogo tu. Watafiti walipopiga hesabu waligundua kwamba biashara hizo zilikuwa zinapoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida kwa ajili ya chenji peke yake.

Kilichofuata ndicho chenye somo. Baadhi ya wenye biashara waliulizwa mara kwa mara ni mauzo mangapi wamepoteza kwa kukosa chenji, na hilo tu likawafanya waanze kujipanga. Wengine walielezwa waziwazi kiasi cha pesa wanachopoteza, nao wakabadilika. Hakuna aliyepewa mkopo wala mashine. Kilichokuwa kinakosekana ni kuiona hasara, maana mauzo ambayo hayakufanyika hayaandikwi kwenye daftari lolote.

Dar es Salaam: mafunzo na pesa pamoja

Je, mtaji nao hauna kazi? Unayo, ila si kwa kila mtu na si peke yake. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulijaribu mafunzo ya biashara na ruzuku ya fedha kwa wajasiriamali wadogo wa Dar es Salaam. Mafunzo na ruzuku vilipokwenda pamoja, matokeo kwa wanaume yalikuwa makubwa. Kwa wanawake yalikuwa hafifu.

Hapo kuna funzo kwa wanaopanga programu za kuwawezesha akina mama. Mama anayefungua biashara baada ya kumaliza kazi za nyumbani na kuifunga mapema awahi watoto, ana kikwazo ambacho daftari la hesabu halikiondoi. Lakini Lomé ilionyesha kwamba hilo si la kudumu, kwani aina nyingine ya mafunzo iliwainua wanawake wazi wazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetangaza mafunzo ni moja: yanafundisha nini, na kwa njia gani?

Kiwandani nako ni vile vile

Mtu anaweza kudhani mambo haya ni ya mama ntilie na wamachinga tu, na kwamba viwanda vimeshavuka hapo. Utafiti wa viwanda vya nguo karibu na Mumbai nchini India, uliochapishwa mwaka 2013, unasema vinginevyo.

Viwanda hivyo vilikuwa vikubwa, vyenye wafanyakazi wengi, lakini baadhi viliacha uzi uzagae stoo bila kumbukumbu na mashine zingoje ziharibike ndipo zitengenezwe. Kundi moja la viwanda lilipewa washauri bure. Walifanya mambo ya kawaida: kusafisha sakafu, kupanga stoo, kufanyia mashine matengenezo kwa ratiba, kuandika kasoro za vitambaa kila siku. Ndani ya mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17.

Kwa nini wenye viwanda hawakuyafanya hayo mapema? Baadhi hawakuyajua. Wengine waliyajua lakini hawakuamini kwamba yanalipa. Watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta karibu nusu ya mabadiliko yale yameachwa. Hata hivyo viwanda vilivyopata washauri bado vilikuwa mbele ya vile ambavyo havikupata.

Wazo zuri linavyokwama mikononi mwa wafanyakazi

Sialkot ni mji wa Pakistan unaojulikana duniani kwa kutengeneza mipira ya soka. Watafiti walibuni umbo jipya la chuma la kukatia vipande vya pembe tano vya mpira, ambalo linapunguza mabaki ya ngozi bandia yanayotupwa. Wakavipa viwanda bure. Kwa karibu kila kiwanda hesabu ilionyesha faida.

Miezi 15 ilipita na viwanda vichache tu vilikuwa vinalitumia. Tatizo lilikuwa malipo. Wakataji walilipwa kwa idadi ya vipande, na umbo jipya liliwapunguzia kasi, angalau mwanzoni. Mwenye kiwanda angeokoa malighafi, lakini mkataji angepeleka nyumbani pesa pungufu. Kwa hiyo wafanyakazi hawakuwa na sababu ya kumwambia bosi kwamba kifaa kile ni kizuri.

Watafiti wakajaribu kitu kingine. Katika baadhi ya viwanda walimuahidi mkataji mmoja na mpiga chapa mmoja malipo yanayokaribia kipato cha mwezi, kwa sharti kwamba waonyeshe mbele ya mwenye kiwanda kuwa wanaweza kukitumia kifaa hicho. Matumizi yakapanda.

Mwenye saluni, gereji au mgahawa anaweza kujiona hapo. Analeta utaratibu mpya, anawatangazia vijana wake, wiki mbili baadaye kila kitu kimerudi kama zamani. Anasema vijana ni wavivu. Kabla ya kusema hivyo ni vizuri kupiga hesabu ya upande wao: utaratibu huo unawaongezea nini, na unawapunguzia nini?

Nani anakula faida ya ubunifu?

Kuna jambo la mwisho ambalo semina hazilisemi. Faida ya ubunifu haikai mikononi mwa aliyeubuni. Wengine wanaiga, bei zinashuka, mteja ndiye anayefaidi.

Mchumi William Nordhaus wa Marekani alijaribu kukadiria hilo kwa uchumi wa nchi yake tangu mwaka 1948 hadi 2001. Alikadiria kwamba wabunifu walibaki na asilimia 2.2 hivi ya manufaa yote yaliyotokana na ubunifu wao. Sehemu iliyobaki, karibu yote, ilikwenda kwa walaji.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, kampuni ilipata faida, lakini manufaa yalisambaa mbali zaidi. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma za pesa kwa simu zilitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na kuwawezesha wanawake 185,000 kuhama kutoka kilimo na kuingia kwenye biashara.

Kwa jamii hiyo ni habari njema. Kwa mwenye duka moja ni onyo. Sharubati mpya aliyoanza kuuza mwezi huu, jirani ataiuza mwezi ujao. Anachopata ni muda wa kuwa peke yake sokoni, na muda huo ni mfupi. Ndiyo maana mafunzo ya Lomé yalilenga tabia ya kutafuta kipya kila mara, wala hayakumpa mtu wazo moja la kwenda nalo.

Mfanyabiashara aanzie wapi?

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, zinaelekeza mahali pa kuanzia bila kukimbilia mkopo.

Kwanza ni kuandika kinachopotea. Kwa wiki moja, kila mteja anayeondoka mikono mitupu aandikwe pamoja na sababu: hakukuwa na chenji, bidhaa imeisha, bei kubwa, au alitaka kitu ambacho hakipo. Orodha hiyo ndiyo inayoonyesha bidhaa gani mpya iongezwe.

Pili ni kuuliza bei ya mzigo kwa mtu mwingine. Aliyefanikiwa katika biashara hiyo hiyo, hasa asiyegombania wateja wale wale, anaweza kuwa na thamani kuliko cheti cha semina. Na mazungumzo hayo yasiishe siku moja.

Tatu ni kujaribu kidogo kabla ya kujaribu kwa kikubwa. Kilo tano za bidhaa mpya zitaonyesha kama wateja wanaitaka. Gunia zima lililonunuliwa kwa mkopo linaweza kuozea dukani.

Nne ni kupima faida, maana mauzo yanadanganya. Bidhaa mpya inaweza kujaza duka wateja huku ikila pesa kwa usafiri, vifungashio na umeme. Kinachohesabiwa ni kilichobaki baada ya kutoa gharama zote, ikiwemo siku ya kazi ya mwenye duka mwenyewe.